Nani Ataingia Kwenye Mashine

Hofu yangu ilikuwa na sauti. Ilikuwa sauti ya feni za seva mbili kuukuu zilizowekwa katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya mashuka, hospitalini, juu ya soko la Kebirigo. Mashuka yalishahamishwa, lakini harufu ya sabuni na jiki ilikuwa imeingia kutani ikakataa kutoka. Nikifungua mlango asubuhi, nilisimama kwanza na kusikiliza. Feni zikivuma, nilivua koti. Zikinyamaza, nilizikimbilia kabla hata sijawasha taa, kwa sababu stima ya milimani kwetu hupotea bila kuaga, na kila inaporudi sijui itarudi na nini.

Mimi ni mwandishi wa riwaya. Jumapili alasiri nilikuwa nakutana na wenzangu mjini Kisii, kwenye ghorofa ya juu ya hoteli moja ya chai, tukasomeana kurasa na kubishana hadi mwenye hoteli akapangusa meza yetu mara ya pili. Siku nyingine zote nililinda mashine za hospitali ndogo ya kanisa, kwa kuwa riwaya hainunui unga. Kati ya wenzangu nilijulikana kwa mambo mawili: kutomaliza sura ya mwisho, na kuhubiri Linux.

Linux ni programu mama, ile inayoamka kwanza mashine inapowashwa na kuzibeba programu nyingine zote mgongoni. Ziko za aina nyingi. Nyingine hutengenezwa na watu wa kujitolea walio kila pembe ya dunia, wanaozitoa bure. Nyingine ni za kampuni: unaweka mkataba, na ukikwama unapiga simu, mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo anapokea. Sisi tulikuwa na ya bure, ya zamani sana, na mwaka huo waliokuwa wakiitunza walitangaza kwamba toleo letu limefika mwisho. Hawangetuma viraka tena. Tundu lolote ambalo mwizi angeligundua lingebaki wazi, kama ukuta wa udongo baada ya mvua.

Muda mfupi baadaye tukasikia kwamba hospitali moja, kaunti nyingine, ilikuta asubuhi faili zake zote zimefungwa na watu wasioonekana. Wagonjwa walikuja na hakuna aliyejua nani alipewa dawa gani. Habari hiyo ilipita kwenye simu za wafanyakazi wetu wakati wa chai ya saa nne, na kila aliyeisoma aliinua macho akaniangalia.

Mkuu wa rekodi alikuja mpaka mlangoni kwangu na kikombe mkononi. Alikuwa mama wa watu wazima kutoka kaunti za ziwani, aliyefanya kazi Nyamira miaka mingi hata akawa anatutania kwa Ekegusii chake mwenyewe.

"Mwandishi," akasema, "umesikia hiyo maneno?"

"Nimesikia."

"Sasa chagua. Mkurugenzi amesema wewe ndiye unajua hizi vitu. Tunaenda ya bure ama ya kulipia?"

"Ya bure," nikasema, haraka kuliko nilivyofikiri.

"Hiyo ya bure ikilala, nani anaiamsha?"

"Mimi."

"Na wewe ukilala?"

Nikamweleza kama nilivyozoea kueleza kule Kisii. Kwamba kuna jukwaa kwenye mtandao, unauliza, mtu usiyemjua akiwa upande mwingine wa dunia anakujibu bila kukudai kitu. Kwamba ni kama egesangio, kile kikundi cha akina mama wa kwetu ambao leo wote wanalima kwa huyu, kesho wote wanalima kwa yule, mpaka kila shamba liguswe na jembe.

Alikunywa chai yake taratibu.

"Hiyo egesangio yenu nimeiona," akasema. "Kwa jirani yangu hapa chini wanakuja kila wiki. Lakini wanakuja kwa sababu na yeye alienda kwao na jembe. Wewe umewahi kulima kwa hao watu wa mtandao?"

Sikuwa nimewaandikia hata mstari mmoja wa programu, wala kumjibu mtu hata swali moja. Nilikuwa navuna tu.

"Basi tujaribu kwanza hiyo ya wenye kupokea simu kule Nairobi," akasema. "Wanakubali ujaribu. Ukiogopa, uogope ukiwa umeshaona."

Tukakubaliana kwamba nitaiweka Linux ya kampuni kwenye ile seva ya pili, niipe nakala ya faili za wagonjwa, nione. Ningefanya hivyo Jumamosi, kwa sababu siku hiyo watu wengi wa milima yetu wako kanisani na ofisi za hospitali hulala. Mama yangu, ambaye Sabato haiguswi nyumbani kwake, aliniuliza kama kuitazama mashine ni sawa na kumtibu mgonjwa. Nilimwambia ni karibu sawa. Siku ile alinifungia chakula mapema, ishara kwamba hajakubali ila pia hajakataa.

Kabla ya Jumamosi hiyo nilienda kumtembelea nyanya yangu, mama mzaa mama, upande wa Itumbe. Nilimkuta jikoni akichambua mboga za chinsaga. Alinitazama juu mpaka chini.

"Mume wangu umekonda. Huyo mwanamke wako mwingine hakupikii?"

"Nani, magokoro?" nikamuuliza nyanya.

"Huyo mwenye feni."

Kwetu nyanya na mjukuu hutaniana namna hiyo, na huambiana kila kitu. Baina ya mzazi na mtoto, au mtu yeyote wa kizazi cha mzazi wako, kuna heshima tunayoiita chinsoni. Shangazi, mjomba, mama mdogo, hawawezi kuzungumza nawe habari za mwili na kitanda, na wewe huwezi kuwauliza. Kwa hiyo neno la aina hiyo likitoka kwa mama mdogo kuja kwangu, lazima lipitie kwa nyanya, kama maji yanayozunguka jabali.

Neno lilikuwa limeshafika.

"Hiyo mashine yenu," akasema, mikono ikiendelea na majani. "Ni kweli watu wa Nairobi wataingia ndani?"

"Nani amekwambia?"

"Mtoto wangu. Huyo mdogo wa mama yako. Amesikia muuguzi akiongea."

Nikashangaa. Mama mdogo ameolewa Gesima. Kutoka Gesima kuna zahanati na hospitali za karibu kuliko yetu.

"Anakuja kwenu Alhamisi," nyanya akasema, bila kuinua kichwa. "Alichagua kwenu kwa sababu ni mbali na wanaomjua. Mume wake anajua, wanakunywa wote. Lakini mama mkwe hajui, na wale wa kwaya hawajui, na wale anaochuma chai nao hawajui."

Hakuhitaji kuitaja dawa. Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki ya wenye virusi.

"Sasa ananiuliza mimi, na mimi nakuuliza wewe. Akijulikana huko Gesima, amesema ataacha kuja. Ataacha hiyo dawa. Mimi namjua huyo mtoto, akisema kitu anafanya. Hiyo mashine itafungwa ama itafunguliwa?"

Nilimwambia itafungwa. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Nilipokuwa nikishuka kwenda barabarani, katikati ya mashamba ya chai yaliyolowa, nilijikuta nikilirudia jibu hilo kwa sauti. Mpaka siku ile nilikuwa nimeogopa kwa ajili ya mashine. Sasa mashine ilikuwa na mtu ndani yake.

Niligeuza mambo kichwani, usingizi ukanipaa. Nikikaa na ya bure, mwizi akaingia, hakuna wa kumpigia simu, na faili za Alhamisi zitakuwa mikononi mwa mwizi. Nikienda kwa kampuni, mwizi atazuiwa vizuri zaidi, lakini nitakuwa nimempa mgeni ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe. Nikajituliza kwamba mgeni ni mgeni. Kijana wa Nairobi angejali nini habari za mke wa mtu wa Gesima? Kwake angekuwa jina tu, na majina yetu sisi hayajulishi mtu. Hapo ndipo nilipokosea, na nitaeleza kwa nini.

Abagusii tunaita watoto majina ya waliotangulia, kwa hiyo majina ni machache na wenye majina ni wengi. Ukiita jina moja la kike kwenye foleni ya hospitali yetu, wanawake sita watasimama. Makarani wa rekodi walikuwa wa hapa hapa, na walilitatua jambo hilo kama linavyotatuliwa nyumbani. Kila faili waliipa jina la mgonjwa, halafu la mume au baba mkwe, halafu mahali: nyuma ya kituo cha chai, karibu na kinu, njia ya kwenda mtoni. Haikumjia mtu kwamba ni kosa. Ilikuwa adabu, kumjua mtu na watu wake. Na kwa sababu hawakutaka kuandika jina la ugonjwa, folda yenyewe waliipa jina la siku: Alhamisi.

Nilizijua faili hizo. Nilikuwa nimezinakili mara nyingi. Lakini sikuwahi kuzisoma kwa macho ya mtu mwingine.

Jumamosi ikafika. Kanisani walikuwa wakiimba, sauti zikiteremka mlimani na kuingia dirishani pamoja na ukungu. Niliweka Linux ya kampuni kwenye seva ya pili na ikakaa vizuri, nadhifu, kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Nikawasha programu ya rekodi. Ikakataa kufungua faili hata moja.

Nilihangaika mpaka jasho likanitoka. Mkuu wa rekodi, ambaye kwake Jumamosi ni siku kama nyingine, alikuja kunichungulia.

"Si una simu ya kupiga?" akasema. "Piga. Hiyo ndiyo tunataka kujua, kama wanapokea."

Nikapiga. Walipokea mara moja. Kijana mpole, Kiswahili cha Nairobi, akaniuliza maswali machache mazuri, kisha akaomba ruhusa ya kuingia kwenye mashine kutoka kule alikokuwa. Mkuu wa rekodi aliniinulia kidole gumba akarudi ofisini kwake. Nikakubali. Nikaketi, simu sikioni, nikitazama herufi zikijiandika zenyewe kwenye skrini yangu, bila mkono wangu. Hicho ni kitu ambacho sijakizoea hadi leo. Ni kama kukaa kwenye kiti chako na kuona mlango wa kabati ukifunguka pole pole.

"Mko sehemu gani?" akauliza huku akiandika.

"Nyamira."

"Wacha bana. Nyamira wapi?"

"Kebirigo."

Akacheka, na sauti yake ikabadilika, ikalegea, ikawa sauti ya nyumbani. "Bwakire buya, ndugu yangu. Mimi ni wa Gesima. Hapo tu karibu na kituo cha chai."

Nilijibu salamu. Sijui nilijibu kwa lugha gani. Mgeni niliyekuwa nimejitulizia naye hakuwa mgeni. Nairobi nzima imejaa watoto wetu. Vipi sikulifikiria hilo?

"Sasa nataka kuona ruhusa za hizi faili zenu," akasema, "maana naona toleo jipya lina ulinzi mkali, linaizuia programu kuzigusa. Folda ni gani? Kuna hii imeandikwa Alhamisi."

"Ngoja," nikasema.

Lakini alishabonyeza. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini, mstari juu ya mstari, kila mstari na jina, na mume, na mahali. Yalipanda haraka, na bado macho yangu yaliusoma ule mmoja, kama macho yanavyoona jina la mtu wako kwenye tangazo la kifo. Jina la mama mdogo. Jina la mume wake. Gesima, nyuma ya kituo cha chai.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka waya wa mtandao ukiwa mkononi mwangu, umeng'oka, na skrini ikiwa imesimama kimya na majina yake.

"Hallo?" akasema kwenye simu. "Nimekupoteza. Upande wako umekatika."

"Stima imepotea," nikasema.

"Nasikia feni," akasema.

Nami nilizisikia. Zilikuwa zikivuma kwa nguvu zote, na kule mlimani wakiimba, na mimi nikiwa nimesimama na uongo wangu mdomoni kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Nilitaka kumuuliza kama ameona. Lakini kumuuliza kuhusu jina ni kumtajia jina. Kumwomba anyamaze kuhusu mtu wa Gesima ni kumwambia kwamba yupo mtu wa Gesima wa kunyamaziwa. Kila sentensi niliyoijaribu kichwani ilikuwa kidole kinachomwonyesha mama mdogo.

"Sawa," akasema mwishowe, kwa Kiswahili tena, na ule ulegevu wa nyumbani ulikuwa umetoka. "Shida yenu nimeiona. Nitakuandikia namna ya kuurekebisha huo ulinzi, usiuzime, uufundishe tu. Na kitu kingine. Hayo majina yatoe kabla hujamwita mtu mwingine. Mimi nimesaini kunyamaza. Lakini si kila mtu anasaini na roho."

"Umeona mangapi?"

"Ya kutosha kujua hayafai kuonekana."

Akakata simu. Maagizo yake yalifika baada ya muda mfupi, na yalikuwa sahihi. Programu ilifunguka kama kawaida. Nilikaa nikiitazama, nikitamani kwamba ingekataa, ili niwe na kitu rahisi cha kulaumu.

Jumatatu nilimweleza mkuu wa rekodi, bila kumtaja mtu wangu. Alikaa chini, kitu ambacho hakifanyi mara nyingi.

"Kwa hivyo kosa ni la majina," akasema. "Si la Nairobi."

"Ndiyo."

"Tukibadilisha majina yawe namba, hata Nairobi yote iingie, itaona namba."

"Ndiyo."

"Basi ya kulipia si mbaya. Wamepokea simu, wametatua, na huyo kijana amekwambia ukweli. Mbona uso wako unasema ya bure?"

Alikuwa na haki kwa kila neno. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama mbele yake. Mapenzi yangu ya egesangio, hotuba zangu zote za Jumapili, hayakuwemo tena ndani ya chumba kile. Kilichobaki kilikuwa woga mtupu.

"Kwa sababu kwenye ya bure anaingia mtu mmoja tu," nikasema. "Mimi."

"Na wewe ukiugua? Ukipata hiyo pesa ya vitabu ukaenda Ulaya?"

"Tutafundisha karani mmoja."

"Mimi nitakuunga mkono kwa mkurugenzi," akasema, "lakini si kwa sababu umenishawishi. Ni kwa sababu umeogopa, na mlinzi mwenye woga ni afadhali. Mwaka ujao tutaongea tena."

Tukaanza na majina. Yeye na makarani wake walikaa alasiri nyingi wakiwapa watu namba, na walifanya kazi ile kwa huzuni niliyoielewa, kama watu wanaong'oa ua walilopanda. Kisha nikaweka toleo jipya la bure kwenye seva zote mbili. Nilikwama mara mbili. Mara ya kwanza mtu wa jukwaani, sijui wa nchi gani, alinijibu kabla chai yangu haijapoa. Mara ya pili hakuna aliyejibu, nikatambaa peke yangu mpaka nikatokea. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kwenda nyumbani, huwa nafungua lile jukwaa na kumjibu mtu mmoja, swali dogo, lile ninaloliweza. Sijui kama ni ukarimu au ni kutafuta wa kunisikia siku nitakapolia.

Nilienda tena kwa nyanya. Hakunitania. Alisubiri.

"Nimwambie nini?" akauliza.

Ningeweza kumpa jibu tamu. Nilikuwa nimelitunga njiani, na mimi natunga vizuri. Nilimwambia yalivyokuwa: kwamba kijana mmoja wa Gesima aliingia, kwamba majina yalipita mbele ya macho yake, kwamba huenda aliona na huenda hakuona, kwamba sasa ni namba tu, kwamba siwezi kulirudisha lililopita.

"Ni wa nyumba gani, huyo kijana?"

"Sikuuliza."

Alichukua muda mrefu kufunga mlango wa banda la kuku.

"Nitamwambia hivyo hivyo," akasema. "Mwili ni wake."

Zikafuata siku ambazo sitaki kuzirudia. Kila simu kutoka nyumbani niliipokea nikiwa nimekaza meno. Mama alitaja Gesima mara moja, habari ya harusi ya mtu, na kijiko kikanianguka. Nilijua tarehe ya mama mdogo ya kurudi kliniki, maana mimi ndiye mlinzi wa mashine na mashine inajua. Alhamisi hiyo sikufanya kazi yoyote. Kutoka dirisha la chumba cha seva unaona lango na sehemu ya njia, na nililisogelea dirisha hilo tangu foleni ilipoanza. Wanawake walikuja na leso mabegani, na miavuli, na watoto. Hakuwemo. Foleni ikafupika. Muuguzi akatoka kula, akarudi. Nilianza kupanga nitamwambia nini nyanya, na nilipofika mwisho wa sentensi niliona sitaweza kuisema.

Alipita langoni wakati jua limeshageuka. Alikuwa na viatu vya mvua vyenye udongo mwekundu, na mwavuli aliokuwa ameukunja na kuushika kama fimbo. Nilitoka mlangoni kabla sijafikiri. Tulikutana kwenye veranda, tukasimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa.

"Bwairire, mwanangu."

"Bwairire buya, mama."

"Umechelewa kula? Uso wako umekauka."

"Nitakula."

Alitazama mlango uliokuwa wazi nyuma yangu, zile taa ndogo za kijani.

"Hivyo ndivyo vitu unavyovilinda?"

"Ndivyo, mama."

"Vina watu wengi ndani."

"Vina wengi."

"Basi rudi ndani," akasema. "Mimi naenda pale dirishani."

Karani alimuuliza namba. Aliisema bila kuipunguza sauti, na mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye foleni aligeuka, akamtazama, akasogea kumpisha nafasi kwenye benchi. Niliweka mikono mfukoni, nikarudi ndani.